Sheikh Shaaban Robert na Nchi Zake za Kubuni

Wasomaji wapenzi, mwezi uliopita nilikuwa Doldol. Najua wengi wenu mtauliza Doldol ni wapi, na Mswahili wa Mombasa alikwenda kutafuta nini huko. Doldol ni mji mdogo wa Laikipia, kaskazini ya Nanyuki, katika nchi ya Wamaasai wa Mukogodo. Msafiri akitoka Nanyuki huuacha Mlima Kenya kisogoni, na kila anavyozidi kwenda ndivyo ardhi inavyozidi ukavu, mpaka macho hayaoni ila migunga, mbuzi na ng'ombe. Sikwenda kutembea. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anasomesha huko, na Mwenyezi Mungu amemruzuku mtoto wa kwanza. Ilinipasa mimi mjomba nipande gari nikasome dua ya akika.

Baada ya shughuli kwisha na sinia za pilau kuondolewa, mpwa wangu aliniletea kijana mmoja wa Kimaasai, mwanafunzi wake wa zamani, umri wake yapata miaka ishirini. Kijana aliniamkia kwa adabu, akakaa chini, akatoa mfukoni kijitabu kilichobanwa kwa pini. Ni hadithi aliyoitunga mwenyewe kwa Kiswahili. Inasimulia nchi iliyo ndani ya tumbo la mlima, ambayo mfalme wake anaiweka mvua ndani ya masanduku na kuwagawia wale tu wanaomsifu. Alikwenda Nanyuki akaipiga chapa kwa mashine ya kutoa nakala, akatoa nakala hamsini, na huziuza mwenyewe siku za soko, baina ya wauza mbuzi na wauza viazi.

Nilimsifu kwa ukweli wa moyo, kwani hadithi yenyewe ilikuwa si haba. Kisha akaniuliza maswali matatu. La kwanza, baba yake humwambia kuwa kusimulia nchi isiyokuwepo ni kusema uongo, je, mzee waonaje? La pili, mtu anayeandika mambo kama haya hula nini? La tatu, kuna mtu wa vitabu amempelekea habari kuwa atamlipa fedha mara moja tu, kisha hadithi iwe mali ya mnunuzi daima. Aipokee fedha ile au aiache?

Wasomaji wapenzi, lile swali la tatu lilinichoma, na mbele nitawaeleza kwa nini. Kwa usiku ule sikumjibu kwa maneno yangu. Nilimsimulia maisha ya marehemu Sheikh Shaaban Robert, Allah amrehemu, kwa sababu maswali yote matatu yamo ndani ya maisha ya mtu huyu. Na kwa kuwa nimeona vijana wetu wa pwani nao wanamjua kwa jina tu, jina la barabara na jina la shule, nimeona si vibaya niyasimulie tena hapa.

MTOTO WA VIBAMBANI

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, upande wa Machui, karibu na Tanga. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani. Wazee wake asili yao ni Wayao, lakini yeye alizaliwa pwani, akakulia pwani, na alijihesabu kuwa Mswahili. Watu wengi hulishangaa jina la Robert na kudhani kuwa alikuwa Mkristo. Sivyo. Robert ni jina la baba yake. Shaaban alizaliwa Mwislamu, akaishi Mwislamu na akafa Mwislamu, na anayevisoma vitabu vyake ataiona dini yake katika kila ukurasa, tangu dua za kufungulia mpaka nasaha alizowaachia wanawe.

Alisoma shule ya serikali Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926. Katika vijana kumi na mmoja waliopata cheti cha kumaliza shule, yeye alikuwa wa pili. Leo cheti cha namna ile hakimpi kijana hata kazi ya kufagia ofisi, lakini siku zile Mwafrika aliyekuwa nacho alihesabiwa kuwa amesoma. Hapakuwa na mlango wa juu zaidi wa kugonga. Kijana wa miaka kumi na saba akachukuliwa na serikali ya Waingereza kuwa karani wa forodha.

KARANI WA SERIKALI

Hapa ndipo nilipotaka yule kijana wa Doldol anisikilize vizuri. Swali lake la pili lilikuwa juu ya chakula, na jibu la maisha ya Shaaban Robert ni kwamba chakula chake kilitoka katika ukarani. Alikuwa forodhani tangu mwaka 1926 mpaka 1944, na Pangani ni moja ya bandari alizofanya kazi. Kisha alihamishiwa bara katika kazi ya idara ya wanyama, akakaa Mpwapwa, mbali na bahari na mbali na watu wake. Mwaka 1946 alirudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na mwaka 1952 akaingia katika ofisi ya upimaji wa ardhi, humo akamalizia utumishi wake mwaka 1960. Miaka thelathini na minne alikuwa mtu wa kukaa juu ya kiti cha serikali, kuandika hesabu za watu wengine, na kungoja mwisho wa mwezi.

Basi alizitunga lini kazi zote zile? Jibu ni kuwa alizitunga katika saa zilizobaki, saa ambazo wenzake walikuwa barazani au wamelala. Msomaji atie akilini kwamba hakuwa na mashine ya umeme wala msaidizi. Alikuwa na kalamu, karatasi, taa, na nyumba iliyojaa watoto na jamaa wanaomtegemea.

Alianza na ushairi, kama ilivyo desturi ya watu wetu. Mashairi yake yalitokea katika Mambo Leo, lile gazeti la kila mwezi la serikali lililoanza mwaka 1923, ambalo washairi wa Tanganyika yote walikuwa wakijibizana ndani yake. Humo jina lake likajulikana. Lakini shairi la gazeti halimpi mtu fedha, humpa sifa tu, na sifa haichemshi chungu.

Barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, tangu mwaka 1931 mpaka 1958, zimehifadhiwa na kuchapishwa kuwa kitabu. Mtu aliyezoea kumwona Shaaban Robert kama mzee wa hekima aliyekaa juu ya kilima atashangaa akizisoma. Atamkuta mtu kama sisi, ana habari za nyumbani, za ugonjwa, za fedha zisizotosha na za miswada inayongoja. Yusuf Ulenge naye alikuwa mtu wa kalamu, na ni bahati njema kwetu kuwa hakuzitupa barua zile.

Msiba nao haukumpita kando. Alifiwa na mkewe Amina, akamtungia shairi ambalo mpaka leo wengi wanalijua kwa moyo. Watoto aliobaki nao aliwatungia tenzi mbili za nasaha, Utenzi wa Adili kwa mwanawe Mwombeki na Utenzi wa Hati kwa binti yake Mwanjaa. Mimi huziona tenzi hizi kuwa ni wasia wa mtu ambaye hakuwa na shamba kubwa wala nyumba za kupangisha za kuwaachia watoto. Aliwaachia alichokuwa nacho.

NCHI INAYOELEA ANGANI

Sasa tuje kwenye hadithi zake za kubuni. Mwaka 1951 kampuni ya Nelson ilitoa kitabu kidogo kiitwacho Kusadikika. Ni hadithi ya nchi ambayo haiko juu ya ardhi wala baharini. Inaelea angani. Huko kuna mfalme, kuna mawaziri, na kuna sheria kwamba mtu asifundishwe sheria. Kijana mmoja, Karama, anashitakiwa na waziri aitwaye Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafundisho ya uanasheria. Karama anapewa nafasi ya kujitetea, na utetezi wake ni kuwasimulia wakuu wale habari za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, juu mbinguni na chini ardhini. Kila mjumbe alipata taabu njiani, kila mmoja alirudi na jambo la manufaa kwa nchi yake, na kila mmoja alilipwa kwa kutiwa kifungoni. Mwisho wa maneno yake Karama anaachiliwa huru, na wajumbe wale nao wanafunguliwa.

Msomaji aliyepita chuoni atacheka kwa furaha akiyatazama majina ya watu wa hadithi ile. Buruhani, Auni, Ridhaa, Amini, Kabuli, Fadhili. Haya si majina ya kuitana tu. Ni hoja, msaada, radhi, uaminifu, kukubaliwa na wema, na vyote hivi katika nchi ya Kusadikika vilikuwa gerezani. Wazungu waliokuwa wakivikagua vitabu waliona hadithi ya watoto. Mswahili aliyejua maana ya majina aliona jambo jingine.

Tukumbuke mwaka wenyewe. Mwaka 1951 TANU ilikuwa haijazaliwa, maana ilizaliwa Julai 1954. Mtumishi wa serikali hakuwa na ruhusa ya kusema siasa, na Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali. Lau angaliandika kuwa katika Tanganyika Mwafrika anahukumiwa kwa sheria asiyoruhusiwa kuijua wala kuitunga, angalipoteza kazi siku ile ile, na mswada usingetoka katika mtoto wa meza. Akaichukua nchi yake, akaipandisha juu angani, akaisema huko. Wataalamu wengi wa fasihi wameisoma Kusadikika kwa namna hii, na mimi nakubaliana nao, ingawa naongeza kuwa kitabu kinawasema watawala wote wanaoogopa kuulizwa, wawe weupe au weusi. Ndiyo sababu uhuru ulipokuja kitabu hakikuzeeka.

Ndugu yake Kusadikika ni Kufikirika, hadithi ya mfalme mwenye kila kitu isipokuwa mtoto, ambaye anawaita waganga na watabiri wa kila aina, na baada ya kumpata mtoto anaambiwa kuwa ili mwanawe apone lazima wachinjwe kafara watu wawili, mjinga mmoja na mwerevu mmoja. Humo ndani mna maneno mazito juu ya elimu, juu ya ushirikina, na juu ya kiongozi anayetaka kuokoa nyumba yake kwa damu ya raia. Shaaban Robert aliuandika mswada huu katika miaka ya 1940. Ulipigwa chapa mwaka 1967. Yeye alikuwa kaburini tayari, miaka mitano.

ADILI NA NABII YUSUF

Hadithi yake ambayo watu wa pwani tunaipenda kupita zote ni Adili na Nduguze, iliyotolewa na Macmillan mwaka 1952. Mfalme Rai anaona kodi ya mji wa Janibu imepungua, anamtuma mjumbe wake Ikibali kwenda kuchungua, na mjumbe anamkuta liwali, Adili, kila usiku akiwapiga viboko manyani wawili huku machozi yanamtoka. Manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini mwanamke aitwaye Huria kwa ajili ya maovu waliyomtendea ndugu yao.

Waliosoma Alfu Lela Ulela wataitambua mara moja. Asili yake ni kisa cha Abdullahi bin Fadhili, gavana wa Basra, katika zama za Harun Rashid, na ndugu wale katika asili waligeuzwa mbwa. Kwa hiyo wako wanaosema kuwa Shaaban Robert alinakili tu. Wanaosema hivyo hawakufika mwisho wa vitabu vyote viwili. Katika hadithi ya Kiarabu ndugu wanasamehewa, wanarudi kuwa watu, kisha husuda inawarudia nao wanajaribu kumuua ndugu yao. Katika hadithi ya Shaaban Robert, Hasidi na Mwivu wanasamehewa, wanarudi kuwa watu, na wanatengenea. Aliichukua hadithi ya kisasi akaifanya hadithi ya toba.

Alitoa wapi mwisho ule? Siwezi kuusemea moyo wa mtu, lakini kila mtoto aliyehitimu chuoni anakijua kisa cha Nabii Yusuf, amani imshukie, aliyetupwa kisimani na nduguze, akapata ukubwa katika Misri, na nduguze walipomjia kwa njaa akawasamehe. Nikimsoma Adili namwona Yusuf nyuma yake. Na hapa limo jibu la swali la kwanza la kijana wa Doldol. Uongo ni neno linalosemwa ili msikilizaji adanganyike. Mtunzi wa hadithi hamdanganyi mtu, maana jina la nchi yake lenyewe laeleza kila kitu. Anayeita nchi Kusadikika au Kufikirika amekwisha kuungama mlangoni kuwa haiko, na anakuomba uingie ndani uitazame nchi yako kwa jicho jipya. Wazee wetu waliokuwa wakituhadithia habari za sungura na fisi hawakuwa waongo, na hakuna aliyetoka pale akaenda msituni kumtafuta sungura anayesema.

BIASHARA YA VITABU

Niliporudi kwenye swali la tatu, taa ya mpwa wangu ilikuwa imeanza kufifia. Niliwaambia wote wawili waniwie radhi kwa kurefusha, lakini hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Katika siku za Shaaban Robert mtunzi Mwafrika hakuwa na nguvu. Makampuni ya vitabu yalikuwa ya Wazungu, na yalikuwa mbali. Pambo la Lugha na Kielezo cha Insha vilipigwa chapa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, katika nchi ya ubaguzi. Vingine vilikwenda Uingereza kwa Nelson na Macmillan. Na lugha nayo ilikuwa na walinzi wake. Kamati ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 na serikali za Afrika Mashariki ndiyo iliyokuwa ikikagua vitabu vya Kiswahili na kusema kipi kimefuata kanuni na kipi hakikufuata. Hebu fikirini, mtu wa Tanga, Kiswahili ni maziwa ya mama yake, naye anaupeleka mswada kwa kamati iliyowekwa na watawala wageni ili imhakikishie kuwa Kiswahili chake ni sahihi. Baadaye yeye mwenyewe aliingia katika kamati ile na katika baraza la vitabu la Afrika Mashariki, akakaa na wale waliokuwa wakiwahukumu wengine. Serikali ya Kiingereza ilimpa nishani ya MBE, naye akapata pia zawadi ya ukumbusho wa Margaret Wrong kwa ajili ya uandishi wake. Heshima alizipata. Lakini nishani huvaliwa, hailiwi.

Kwa hiyo alipokaribia kuuacha utumishi alifanya jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa la ujasiri mkubwa. Alianzisha uchapishaji wake mwenyewe pale pale Tanga, kwa jina la Kiingereza la Art and Literature, yaani Sanaa na Fasihi. Kwa jina hilo alitoa Masomo Yenye Adili na Almasi za Afrika, mnamo mwaka 1959 na 1960. Alikuwa mtunzi, mwenye mali na muuzaji, vyote kwa pamoja. Aliyekwisha kufanya biashara ya vitabu anajua maana yake. Karatasi hulipwa kwanza, mpiga chapa hulipwa kwanza, na fedha za msomaji huja mwisho, tena kidogo kidogo, na duka la mbali huchukua vitabu leo na kulipa likikumbuka. Mtu wa miaka hamsini, afya yake haikuwa njema, alijitwika mzigo ule badala ya kuiuza miswada yake.

Kwa nini alijitwika? Mimi naona ni kwa sababu alitaka kazi ya mkono wake ibaki katika mikono ya watu wake. Alikuwa na miswada mingi ambayo haijatoka. Kulikuwa na utenzi mkubwa wa Vita vya Uhuru juu ya vita vya mwaka 1939 mpaka 1945, wenye beti zipatazo elfu tatu. Kulikuwa na Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote. Mtu aliye na hazina kama hii nyumbani, naye ana dhiki, angaliweza kuiuza kwa jumla akalala usingizi. Hakufanya hivyo.

Lakini umri haukumngoja. Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, naye akaushuhudia. Mwezi wa Juni 1962, miezi sita baadaye, alifariki Tanga kwa maradhi ya kifua kikuu, naye ana miaka hamsini na mitatu. Akarudishwa kijijini kwake kuzikwa. Ile biashara ya Tanga haikuwa na wa kuiendesha kama yeye.

Baada ya kifo chake ndipo milango ilipofunguka. Nelson ilitoa mfululizo wa Diwani ya Shaaban, juzuu kumi na nne. Kitabu cha maisha yake, pamoja na sehemu ya pili aliyoiita Baada ya Miaka Hamsini, kilitoka mwaka 1966. Utenzi wa Vita vya Uhuru na Kufikirika vikatoka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikatoka 1968. Vikaingia shuleni Tanzania na Kenya, watoto wakavisoma na kuvifanyia mitihani, na katika miaka ya 1990 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikaanza kuvichapa upya. Safari hii aliyevichapa alikuwa mchapaji wa Kitanzania, jambo ambalo naamini lingalimfurahisha marehemu kuliko nishani.

KWA NINI NILICHOMWA

Sasa nitimize ahadi yangu. Nilipokuwa kijana wa umri wa yule wa Doldol, au nimemzidi kidogo, niliandika kitabu cha hadithi za watoto. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilinilipa mara moja na ikanitilisha sahihi. Fedha ile nilinunulia baiskeli na kanzu mbili. Kanzu zilichakaa, baiskeli iliibwa. Kitabu kikasomwa shuleni miaka na miaka, na watoto wangu mwenyewe walikuja nyumbani wakaniomba fedha za kukinunua. Nilizitoa. Sikupata hata senti moja kurudi, wala sikuwa na haki ya kudai, kwani sahihi ni yangu na mkono ni wangu. Simlaumu mtu kuliko ninavyojilaumu mwenyewe. Wakati ule nilikuwa nimekwisha kumsoma Shaaban Robert, lakini nilimsoma kama mwanafunzi asomavyo kwa ajili ya mtihani. Sikumsoma kama fundi anayemtazama fundi mwenziwe.

Leo umri alioufia mimi nimekwisha kuuvuka, na kila nikimsoma naona kuwa funzo lake kwa watunzi halimo katika hadithi peke yake. Limo katika namna alivyofanya kazi. Alitafuta riziki ya halali mahali pengine ili kalamu yake isilazimike kusema alichotaka mnunuzi. Alijifunza njia za wenye nguvu, akaingia katika kamati zao, akazitumia kampuni zao pale ilipobidi. Na alipoweza, alisimama juu ya miguu yake mwenyewe. Hakufanikiwa katika biashara kama tunavyohesabu kufanikiwa, hilo ni kweli na sikumficha kijana. Alikufa na miswada sandukuni. Lakini kwa kuwa hakuitupa kwa bei ya njaa, ilikuwepo ya kuchapwa, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa lake.

Yule kijana alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza jambo moja jingine. Je, kama Shaaban Robert angaliuza miswada yote, akapata dawa nzuri na chakula kizuri, pengine hangaliishi miaka zaidi na kuandika zaidi? Wasomaji wapenzi, sikuwa na jibu la haraka. Baba yake kijana yule alipoteza ng'ombe wengi katika ukame, na fedha ya mnunuzi ingaliweza kununua mitamba miwili. Ni rahisi mtu aliyeshiba pilau ya akika kumwambia mwenye njaa asubiri. Nilimwambia hivi tu, kwamba akitaka kuuza na auze nakala, hata nakala elfu, lakini shina asiliuze. Mfugaji huuza maziwa, na shida ikizidi huuza ndama. Anayeuza mtamba wake wa mwisho amemaliza ufugaji. Hapo alicheka, akasema kuwa maneno hayo hata baba yake atayaelewa.

Niliondoka Doldol asubuhi ya pili kabla sijajua ameamua nini. Nilinunua nakala mbili za kitabu chake kwa bei kamili, moja yangu na moja ya maktaba ya madrasa ya mtaani kwetu. Gari lilipokaribia Nanyuki, Mlima Kenya ulikuwa umejifunika mawingu kuanzia kiunoni, kilele peke yake kikaonekana juu, hakikushikana na kitu. Nikamkumbuka mtu wa Vibambani na ile nchi yake.

Mwenyezi Mungu amsamehe Sheikh Shaaban Robert makosa yake, amnawirishie kaburi lake, na awape watunzi wetu wachanga, wa pwani na wa bara, subira yake na busara ya kukishika kilicho chao. Amin.